Muhuri wa Kahawa Bola

Wiki yangu ya mwisho kazini Doreen alinijia mezani anatabasamu kama mtu aliyeokota ufunguo uliopotea. Alikuwa akihamisha kurasa zetu za zamani kwenda kwenye mtambo mpya, na katika ukurasa mmoja mkongwe, uliohamia picha tu bila maandishi, alikuwa ameona kosa la tahajia. Herufi moja tu. "Madamu Nekesa, nirekebishe?" akauliza. Nikamwambia auache kwanza. Akauliza kwa nini, nami nikaona jibu lake haliwezi kutolewa huku keki ya kuniaga inakatwa na watu wanapiga picha. Nikaahidi kuliandika nikifika nyumbani. Sasa niko nyumbani Busiu, mahindi yameshavunwa, sina kisingizio.

Vyeo nilivyopanda na mshahara niliolipwa si habari yenu, Doreen na wenzako, na kwa kweli si habari ya kusisimua. Nitawaeleza jinsi nilivyojifunza kitu ambacho wateja huniuliza hadi leo: mtu aliye mbali, asiyekujua, anawezaje kuutazama ukurasa wako wa intaneti na kuamua kama wewe ni mtu wa maana au tapeli. Nilijifunza kwa aibu, na herufi aliyoiona Doreen ndiyo shahidi.

Nilianza kazi Jinja, Uganda, katikati ya miaka ya tisini. Mimi ni mzaliwa wa ng'ambo ya mpaka, upande wa Bungoma, Kenya, nikaolewa Busiu, na mume wangu alipopata kazi kiwandani Jinja nikamfuata. Ofisi ya Bwana Waiswa ilikuwa chumba kimoja kwenye barabara kuu: mashine mbili za taipu, fotokopi moja yenye hasira, na faksi. Siku niliyokwenda kuomba kazi alinipa barua aliyoiandika kwa mkono, akaniambia niipige chapa. Ilikuwa imejaa makosa. Niliyasahihisha yote, kisha kwa ujinga wa ujana nikairudisha ile ya mkono ikiwa na alama kila mahali, nimemwonyesha mwajiri wangu mtarajiwa alipokosea.

Bwana Waiswa alikuwa Msoga mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Akazisoma zote mbili bila haraka.

"Hii balua imekuwa msafi kushinda ile nimeandika," akasema. "Kale," yaani sawa kwa lugha yao, "kesho njoo saa mbiri."

Kesho yake alinipa kalamu nyekundu, akasema hakuna karatasi itakayotoka mlango ule kabla sijaipitia. Nilijiona waziri. Kusema kweli, sijawahi kujivunia zana yoyote ya kazi kama nilivyojivunia kalamu ile, na ndiyo maana iliniponza.

Baadaye kidogo ilikuja kompyuta, na nyuma yake modemu. Nyinyi hamkusikia mlio wa modemu ikipiga simu Kampala. Wateja waliokuja kutoa fotokopi walinyamaza wakasikiliza, na mama mmoja alijifanyia ishara ya msalaba. Neno tovuti hatukuwa nalo. Tulisema ukurasa, na Bwana Waiswa alisema ukulasa, maana ulimi wa huku hauoni sababu ya kutenganisha R na L. Mtu akikuambia barabara au balabala, utafika kulekule.

Ukurasa wangu wa kwanza ulikuwa wa nyumba ya wageni kule Wanyange, juu ya ziwa, yenye vyumba vinne. Niliufanya kwa wiki mbili. Maandishi ya manjano juu ya rangi nyekundu, nyota zinazowakawaka, dunia ndogo inayozunguka pembeni, na katika yote hayo hapakuwa na kosa hata moja la herufi. Nikamwita Bwana Waiswa aje aone. Akatazama, akakuna shavu, akatoka nje. Aliporudi alikuwa na Mama Nabirye, aliyekuwa akipita mlangoni petu kila asubuhi na beseni la samaki kutoka Wanyange.

Akamketisha kwenye kiti changu, mikono yake ina magamba, sentimita chache kutoka kwenye kibodi yangu.

"Nyabo, tazama hapa," Bwana Waiswa akamwambia, kwa neno lao la kumheshimu mama. "Ungerara kwa hii nyumba?"

Mama Nabirye akatazama. Siku zile picha ilishuka mstari kwa mstari, kwanza mbingu, halafu paa, na mtu mwenye haraka aliondoka kabla ya kufika mlangoni. Yeye akangoja hadi mwisho.

"Hii kitu inalukaluka, iko mgonjwa?" akauliza. "Na mwenye nyumba iko wapi? Mimi naona paa, sioni mtu."

Nikamweleza kwamba huo ndio mtindo wa kisasa. Aliinama kwenye beseni, akamtoa ngege mmoja, akafungua kifuniko cha shavu kwa kidole gumba, akanionyesha matamvua, zile nyuzi nyekundu za ndani ambazo samaki hupumulia.

"Mtu hanunui magamba. Anasema, fungua. Kama iko nyekundu, anachukua. Kama mimi naficha na kidole, anaenda zake, hata kama samaki iko mzuri."

Ofisi ilinuka samaki hadi jioni. Nilinuna siku nzima, lakini dunia ile inayozunguka niliitoa, na mahali pake nikaweka picha ya mwenye nyumba amesimama mlangoni na mkewe.

Kuanzia hapo Bwana Waiswa hakuruhusu ukurasa kupanda kwenye intaneti bila kuonwa na watu watatu wa barabarani. Njia yake ilikuwa rahisi. Alimketisha mtu, akahesabu hadi kumi, akafunika kioo kwa gazeti, akauliza: umeona nini, na hawa watu ungewapa kitu chako wakutunzie? Mimi niliandika majibu kwenye daftari. Madereva wa malori kutoka Kenya walitafuta namba ya simu kabla ya kitu kingine, na wasipoiona walisema hao ni wezi. Walimu walitafuta makosa, nikawapenda kwa hilo. Mke wa askari jela alisema ukurasa unachelewa sana kufunguka, basi mwenyewe lazima ni mvivu. Wengi hawakujua hata kompyuta ni nini, na hilo halikuwazuia kutoa hukumu. Leo mna programu zinazochora vielelezo vya rangi kuhusu tabia za wateja. Nimezisoma nyingi, na nyingi zinasema yaliyomo kwenye daftari langu la Jinja.

Hata hivyo moyoni nilishikilia kwamba kizuri chajiuza. Fanya ukurasa uwe safi, herufi zikae sawa, rangi zipendeze, mengine yatajileta. Nilimwambia Bwana Waiswa hivyo mara nyingi.

"Kizuri chajiuza kwa mtu anakishika," alinijibu. "Huyu wa intaneti hashiki kitu. Atajua namna gani?"

Mwishoni mwa miaka ile ya tisini alifungua tawi Mbale, akanipa niliendeshe. Nilikuwa karibu na nyumbani, nikafurahi. Chumba kilikuwa cha juu, ngazi zake nyembamba, na chini yake walipita vibarua wa Namatala, mtaa wa maskini pembeni mwa mji, asubuhi wakienda kutafuta kazi.

Siku moja watu walikuwa wamejipanga wakingoja faksi, mara pakasikika viatu vizito kwenye ngazi, na sauti nene ikasema, "Jambo, watu yote!" Mstari mzima ukanyamaza. Lazima muelewe: kwa watu wengi wa huku, Kiswahili kilikuwa lugha ya wanajeshi, iliyowahi kubisha hodi kwa kitako cha bunduki. Mimi kwangu kilikuwa lugha ya shule na ya sokoni, nikaitika, "Jambo sana, karibu," na yule mzee akaja moja kwa moja kwangu kama mtoto aliyemwona shangazi yake.

Alikuwa Afande Wamimbi, askari jela mstaafu, Mmasaba mwenye shamba la kahawa mlimani juu ya mji. Alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha wakulima ambao wengi wao walikuwa askari jela, polisi na wanajeshi waliostaafu, pamoja na wajane wa wenzao. Walitoka makabila mbalimbali, hivyo kikundi walikipa jina kwa lugha ya kazi yao: Kahawa Bora.

Aliweka barua mezani. Mnunuzi mmoja wa ng'ambo ya bahari, Bwana Lars, alikuwa na kiwanda kidogo cha kukaanga kahawa. Msafiri fulani alimpelekea mfuko wa kahawa yao, akaionja, akaipenda, akaandika kwa sanduku la posta lililokuwa kwenye mfuko. Alisema yuko tayari kununua mavuno yote ya msimu ule moja kwa moja kwao. Ila aliwahi kutapeliwa na watu wa nchi nyingine waliompelekea sampuli nzuri kisha wakayeyuka. Kwa hiyo aliuliza: mna ukurasa kwenye intaneti, ili niwaone ninyi ni nani?

"Madamu, mimi nimeambia watu yangu wasiuze," Afande akasema. "Miaka yote loli inakuja, dalali anapima na mizani yake, anatuchekea. Safali hii nimesema, ngoja. Kahawa yote iko stoo. Huyu mzungu akikataa, dalali atachukua na bei ya takataka, na hakuna mtu atasikia mimi tena. Kikundi itakufa."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, amefika kwa mtu anayejua. Nilisema hivyo kwa kinywa changu. Kwanza nikampigia chapa barua ya kumjibu Bwana Lars, safi kabisa, Afande akaenda nayo nyumbani kuipiga muhuri wa kikundi, akaituma pamoja na sampuli nyingine. Halafu nikaanza ukurasa.

Nilitumia yote niliyoyajua. Rangi ya maziwa, maandishi ya kahawia, kila kitu mahali pake. Kwa kuwa hatukuwa na kamera nzuri, nilichukua picha kutoka kwenye diski ya picha tayari tuliyonunua Kampala: kikombe kinachofuka moshi na punje za kahawa zinazong'aa. Afande alipokuja kuuona, alisogeza uso hadi pua ikakaribia kioo.

"Stampu iko wapi?"

"Afande, ukurasa wa intaneti hauwekwi muhuri."

"Kalatasi bila stampu ni ya nini? Hata mfungwa akitoka, kalatasi yake ina stampu. Bila hiyo anarudi ndani."

Nilicheka. Naliandika hili bila kujitetea: nilicheka mbele ya mzee, nikamweleza kwamba wazungu hawana mambo ya mihuri, na nikaupandisha ukurasa vilevile.

Jibu la Bwana Lars lilikuja kwa barua pepe baada ya siku chache. Alisema ukurasa unapendeza. Alisema pia kwamba kikombe kile chenye moshi amekiona kwenye kurasa nyingine tatu, mmojawapo ukiwa wa wale waliomtapeli. Aliuliza kwa upole kama kuna kitu chochote pale ambacho ni chetu wenyewe. Nikamsomea Afande barua hiyo.

"Mama Nabirye alishakufundisha," nilijiambia. "Umeuza magamba." Nikamwomba Afande alete muhuri wake.

Aliuleta umefungwa kwenye leso. Ulikuwa wa mpira, umechongwa kwa wembe na mzee mmoja aliyekaa karibu na soko, mwenyeji wa Namatala. Nikaugonga kwenye karatasi nyeupe, nikaweka karatasi kwenye skana, nikaikuza picha kwenye kioo. Mviringo ulikuwa umepinda kidogo. Juu paliandikwa KAHAWA BOLA, chini, MBALE.

Nikamgeuzia kioo. "Afande, hapa pameandikwaje?"

Akavaa miwani. "Kahawa Bola," akasoma kwa fahari. "Ndiyo sisi."

Ningemwambia. Kalamu nyekundu ilikuwa pale pale mezani. Lakini niliona jinsi alivyokuwa akiutazama ule muhuri, nikashindwa kumvunja moyo, na nikajiona mwema kwa hilo. Nikamwambia sawa, Afande, kesho utauona kwenye ukurasa. Alipoondoka nikafungua programu ya kuchora. Hapakuwa na R yoyote kwenye muhuri ule ya kuazima. Nikanakili B ya MBALE, nikaikata tumbo la chini, nikaivuta mguu, nikaipachika mahali pa L. Ilinichukua alasiri nzima. Niliposogea nyuma kutazama, BORA ilikaa vizuri hata aliyeuchonga asingejua. Nilirudi nyumbani siku ile natembea kama bibi harusi.

Maji yakimwagika hayazoleki. Barua pepe ya Bwana Lars ilikuwa fupi safari hii. Alisema amepokea barua kwa posta, ina muhuri, na ukurasani ameona muhuri. Ameiweka yote miwili ubavu kwa ubavu. Mmoja unasema Bola, wa pili unasema Bora, na mengine yote ni yaleyale, hata kule kupinda. Kwa hiyo mmoja umeghushiwa. Hajui ni kikundi kipi cha kweli, wala kama kipo. Hatanunua mpaka ajue, na anangoja wiki mbili tu, halafu atanunua kwingine.

Nilimsomea Afande kila neno. Sikuwa na ujasiri wa kumtazama. Nikamwambia ni mimi, nikamweleza jinsi nilivyoikata B. Aliweka kofia mapajani.

"Madamu," akasema, "mimi nimelinda watu jera miaka mingi. Watu ya kugushi stampu, nimewafungia mlango na mkono yangu. Sasa hii umenifanyia ni nini?"

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Miaka yote hii, wateja wamenitukana kwa lugha tano, sikumbuki hata tusi moja, lakini swali lile nalisikia bado. Nililia mbele yake, na wateja wa fotokopi wakajifanya wanasoma matangazo ukutani.

Alipoondoka nikampigia simu Bwana Waiswa Jinja. Nilitaraji anifukuze, au angalau anitungie maelezo ya ujanja ya kumpelekea yule mzungu: kwamba ni muhuri wa zamani na mpya, kitu kama hicho. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Nekesa, samaki ilikuwa mzuri?"

"Ilikuwa nzuri."

"Basi toa kidole."

Akakata simu, kwa sababu simu ya mbali haikuwa ya mchezo.

Jumapili baada ya ibada nilipanda mlima hadi stoo ya kikundi. Wanachama walikaa juu ya magunia yao ya kahawa, wengine bado na mashati ya kazi ya zamani yaliyofutika vyeo. Nikasimama nikaungama. Nikawaambia muhuri wao una kosa la herufi, kwamba niliusahihisha bila kuwaambia, na kwamba kahawa waliyoikalia iko hatarini kwa sababu yangu. Nikawaomba ruhusa ya kumwandikia mnunuzi ukweli wote, hata kama utawafanya wachekwe.

Mjane mmoja wa polisi akanyoosha mkono. "Mimi sijaelewa. Mzungu anasema moja ni bola, na ingine ni nini?"

"Ni bora," nikasema.

"Eeh, bola. Na ya kwanza?"

"Bola."

Akageukia wenzake. "Sasa bola na bola, tofauti iko wapi?"

Stoo ikachangamka. Kila mtu akajaribu. Nikasema bora, nikaikaza R hadi ulimi ukauma, nao wakaitikia bola kwa pamoja kama kwaya. Mstaafu mmoja wa jeshi, Mteso kwa kabila, alizisikia tofauti, lakini akasema kwa maoni yake ile ya muhuri ina nguvu zaidi. Afande Wamimbi aliyekuwa amenuna tangu nifike akaanza kutikisika mabega, na nilipoona anacheka, nilipumua kwa mara ya kwanza wiki ile.

"Andika," akaniambia. "Andika vire ilikuwa. Stampu ni yetu, na kosa ni yetu. Ile ya kwako, weka jina yako."

Niliazima kamera kwa mwalimu wa Busiu. Nikawapiga picha mlangoni mwa stoo, jua likiwa machoni mwao, nusu yao wamekunja uso. Nikaandika jina la kila mmoja na kijiji chake. Nikauondoa muhuri wangu mzuri, nikauweka wao uliopinda. Chini yake niliandika kwa Kiingereza maneno ambayo kwa Kiswahili ni haya: "Jina letu ni Kahawa Bora, maana yake kahawa nzuri kuliko nyingine. Muhuri wetu unasema Bola kwa sababu ndivyo aliyeuchonga anavyotamka, na ndivyo tunavyotamka sisi. Huu ndio muhuri wa kweli. Ule uliosema Bora uliguswa na mpiga chapa wetu, Nekesa, aliyeona haya kwa niaba yetu bila kutumwa. Ameomba radhi."

Nikabonyeza kuupandisha. Mtu wa herufi, nimeweka kosa la herufi hadharani kwa dunia nzima kwa makusudi, na jina langu pembeni.

Tukangoja. Lori la dalali lilikuja likaegesha chini ya mlima, dereva akalala ndani ya kebini mlango wazi, miguu nje, anajua watamshukia tu na magunia. Wawili kati ya wanachama walishusha magunia yao. Afande hakuwazuia, ila kila asubuhi alishuka mjini kwa miguu, akapanda ngazi zetu, akauliza, "Imekuja?" Nami nilijibu bado, naye akashuka. Ngoja ngoja huumiza matumbo.

Ilikuwa siku ya kumi na moja. Modemu ikalia, barua zikaingia, moja ikiwa ya Bwana Lars. Nilimngoja Afande afike kabla ya kuifungua, nikamsomea nikiitafsiri palepale. Bwana Lars alisema wakulima wengi wamemwandikia kwamba wao ndio bora. Hawa ndio wa kwanza kumwandikia kwamba wamekosea. Alisema tapeli angekuwa na muhuri mmoja, ulionyooka. Alisema ananunua kahawa yote, na atakuja kuichukua mwenyewe.

Afande alivua kofia. Akaivaa. Kisha akasimama wima, visigino pamoja, akanipigia saluti pale katikati ya fotokopi na faksi. Sikuwahi kupewa nishani kazini. Sikuona pengo.

Bwana Lars alikuja kweli, mrefu, mwekundu kwa jua la mlimani. Kabla ya kuonyeshwa kahawa aliomba kuuona muhuri. Afande akauleta kwenye leso, mgeni akafungua daftari lake, ukagongwa, akaitazama ile L na kucheka peke yake. Kwa heshima ya wenyeji alikuwa amejifunza jina lao, akasimama akalitamka, "Kahawa borrra!" kwa R iliyonguruma kama pikipiki.

Afande akaniinamia. "Anasema nini?"

"Anasema bola," nikajibu.

"Aah! Bola, bola!" Wote wakapiga makofi.

Nilifanya kazi hii miaka mingi baada ya hapo. Nimetengeneza kurasa za shule, za mahoteli, za maduka ya vipuri, na ninazitazama bado kwa fahari, maana hakuna hata mmoja uliotoka mikononi mwangu bila matamvua yake kuonekana: mtu mwenye jina, mahali penye mlango, simu inayopokelewa. Bwana Waiswa alifariki akiwa ameniachia daftari na lile gazeti la kufunikia kioo. Kosa la tahajia silipendi hata leo. Mteja akiona neno limekosewa kwa uzembe ataondoka, na atakuwa amefanya vema. Lakini kuna kosa la uzembe, na kuna kosa ambalo ni sura ya mtu. Kuyatofautisha hakuna programu itakayowasaidia. Itawabidi mpande mlima mkawaulize wenyewe.

Juzi nilipokea barua kutoka kwa kikundi, kunitakia mapumziko mema. Afande Wamimbi sasa ni mzee sana, haandiki tena barua mwenyewe, lakini alikuwa ameitia sahihi. Katibu wao alinieleza kwamba muhuri wa zamani ulilika, wakaagiza mpya kwa kijana mwenye mashine ya kisasa mjini. Kijana akaona kosa, akalirekebisha kwa wema wake, akawapa KAHAWA BORA. Afande aliukataa. Akamrudisha katibu mjini kwa miguu, akamwambie fundi arudishe ile L waliyompa. Chini ya barua muhuri mpya umekaa umenyooka, wino umekolea pande zote, na neno lao lipo vilevile.

Kalamu nyekundu nimekuachia kwenye droo ya mezani kwangu, Doreen. Itumie bila huruma. Ila ukifika kwenye ile L, ipishe.